BARIDI YA MWENZIO HAIPIMWI KWENYE JOTO LAKO

Miongoni mwa magari yaliyotumika ambayo huteremshwa katika bandari yetu kutoka Japani, yamo yaliyotoka sehemu za baridi za nchi ile, kama vile Hokkaido, ambako theluji huanguka miezi mingi ya mwaka. Magari hayo huja na kitufe kidogo, aghalabu karibu na gia, chenye picha ya kiti na mistari mitatu iliyopindapinda mfano wa moshi wa ubani. Wengi wetu hatujui kitufe hicho ni cha nini. Mwezi wa Machi, jua likiwa utosini, nilipanda gari la namna hiyo kutoka Mkokotoni kuja mjini pamoja na mzee mmoja wa heshima aliyekaa mbele. Hatujafika Mahonda, mzee akaanza kulalamika kwamba ana homa ya kiuno. Dereva akampa pole, akaongeza kiyoyozi. Mzee akazidi kutota jasho. Kumbe kitufe kilikuwa kimebonyezwa kwa bahati mbaya pale alipokuwa akipanda, na kiti kilikuwa kikimkaanga taratibu bila ya yeyote kujua.

Tulicheka sote, na mzee mwenyewe alicheka kutushinda. Lakini katika kucheka nilikumbuka jambo nililoliona nchini Sweden, ambako kitufe hichohicho si kichekesho hata kidogo, na ambako kijana wetu mmoja alihangaika nacho majira mazima ya baridi. Kisa chake nimeona nikieleze hapa, kwa kuwa ndani yake limo funzo kwa kila mwenye kulalamika na kwa kila mwenye kupokea malalamiko. Na katika visiwa hivi, ndugu msomaji, hapana mtu asiyekuwa mmoja wa hao wawili.

KAMA CHAI YA JANA

Mpwa wangu anaishi Umeå, mji wa kaskazini ya Sweden kando ya Ghuba ya Bothnia. Kazi yake ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, iliyo kiasi cha kilomita 40 nje ya mji. Hutoka kwake alfajiri, huendesha gari peke yake katika giza, na hurejea katika giza, kwani mchana wa huko katikati ya majira ya baridi ni mfupi mno. Mgongo wake ulikwisha kutetereka kwa sababu ya kuinua wagonjwa, na daktari alimwambia asiuache ukakamae kwa baridi.

Nilimtembelea mwezi wa Februari 2024. Majira yale yalikuwa makali. Tarehe 3 Januari mwaka huo, kituo cha hali ya hewa cha Kvikkjokk-Årrenjarka, kaskazini kabisa ya nchi, kilipima nyuzi 43.6 chini ya sifuri, Januari ambayo mfano wake haukuonekana kwa miaka 25. Katika siku hizohizo, huko kusini katika jimbo la Skåne, magari yapatayo elfu moja yalinasa katika theluji kwenye barabara ya E22, na wapo watu waliokaa ndani ya magari yao kwa saa 24 hivi, mpaka askari wa jeshi wakaja kusaidia kuwatoa. Katika nchi ya namna hiyo joto ndani ya gari linahesabiwa pamoja na breki na taa.

Asubuhi ya kwanza tuliyotoka pamoja, kipimajoto kilionesha nyuzi 18 chini ya sifuri. Mpwa wangu aliwasha gari, akabonyeza vitufe viwili vya viti, changu na chake, kisha akasema kwa haya: "Samahani mjomba. Kiti chako kitapata moto sasa hivi. Changu mimi kimekuwa kama chai ya jana: si ya moto, si ya baridi, haimwagiki wala hainyweki."

Nikamwuliza kwa nini asikipeleke kwa waliomuuzia gari. Akajibu kwamba amekwisha kukipeleka. Gari lenyewe alilinunua kwa wakala wa mjini hapo, likiwa limetumika, mwezi wa Novemba 2022, na wakala huyo ana karakana yake. Mwanzoni mwa Januari alilipeleka, akaliacha tangu asubuhi hadi mchana, akalipishwa ada ya uchunguzi, akapewa karatasi yenye sentensi mbili: kiti kimepimwa, kinafanya kazi.

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema ahsante."

"Ahsante ya nini, mwanangu, na kiti ni baridi?"

Akanyamaza. Nami nikaona kwamba ugonjwa ulikuwa mahali pawili, katika kiti na katika ahsante.

Yafaa ieleweke kwamba kitu kilichokufa hakina ubishi. Taa isiyowaka kila mtu anaiona, na fundi hawezi kukwambia kwamba inawaka. Lakini kitu kilichodhoofika ni taabu kubwa, kwa sababu kila mwenye kutaka kukikataa atapata njia ya kukikataa. Atakwambia ndivyo kilivyo. Atakwambia ni hisia zako. Atakwambia wateja wengine hawajalalamika. Dhaifu hudhulumiwa kuliko maiti, kwa kuwa maiti angalau hupewa cheti.

NAMNA KITI KINAVYOPATA MOTO

Kabla ya kumlaumu fundi, ni wajibu kujua kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Fikra hii si mpya. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilipewa hataza ya kiti cha namna hii mwaka 1955, kwa kazi ya mhandisi wake Robert Ballard, na gari za Cadillac za 1966 ziliuzwa na viti vya moto kwa aliyetaka kuongeza fedha. Walioifanya iwe jambo la kawaida ni Wasweden: mwaka 1971 kampuni ya Saab ilianza kutoa magari ambayo kiti cha dereva kina moto wa umeme bila ya mnunuzi kuuagiza pembeni.

Ndani ya kiti, baina ya kitambaa au ngozi ya juu na sponji ya chini, hutandikwa kitu mfano wa mkeka mwembamba wenye nyaya au nyuzi za kaboni. Mmoja huwa wa makalio na mwingine wa mgongo. Umeme wa betri ukipita katika mikeka hiyo, nyaya hukinza, na kukinza huko ndiko kunakotoa joto, kama ilivyo kwa pasi ya umeme. Pamoja na mikeka hiyo ipo fyuzi, ipo swichi, na katika magari ya sasa ipo kompyuta ndogo pamoja na kihisi joto ambacho kazi yake ni kuzuia kiti kisipite kiasi.

Faida ya moto huu ni upesi. Joto la hewa ya gari linatokana na maji ya injini, na maji hayo, katika baridi kali, huchukua dakika nyingi kabla ya kupata moto. Kiti cha umeme huanza kusikika ndani ya dakika moja au mbili. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu, hizo dakika za mwanzo ndizo zenyewe.

Sasa tupige hesabu nyepesi, tena ya skuli. Chukua betri ya volti 12 na mkeka wenye ukinzani wa omu 2. Umeme utakaopita ni ampea 6, na joto litakalotoka ni wati 72. Kiti hicho ni kizima. Kisha tuseme kwamba mahali fulani njiani, katika plagi iliyolegea au iliyoingia kutu, pameongezeka ukinzani wa omu 1 tu. Jumla sasa ni omu 3, umeme unashuka hadi ampea 4, na mkeka unapata wati 32. Yaani kwa kasoro ndogo isiyoonekana kwa macho, joto limeshuka chini ya nusu. Na wati nyingine 16 zimekwenda wapi? Zimo ndani ya plagi ile mbovu, zinaipasha na kuiunguza taratibu, na kadiri inavyoungua ndivyo ukinzani unavyozidi. Ugonjwa huu hujilisha wenyewe. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa na habari ya plagi, lakini neno lao linaihusu.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini fundi wa kwanza alisema kiti kinafanya kazi. Kwanza, gari lilipimwa ndani ya karakana yenye joto la kibinadamu, pengine nyuzi 20. Huko hata kiti dhaifu husikika kuwa kina uvuguvugu, na mtu akakikalia dakika tatu akaridhika. Pili, ukiweka mita ya umeme kwenye plagi mbovu wakati hakuna umeme unaopita, mita husoma volti 12 huku na volti 12 kule, na plagi huonekana nzima. Uovu wake hudhihiri pale tu mkeka unapovuta umeme kwa ukamilifu. Plagi mbovu ni mfano wa mtu mwenye ahadi nyingi: huwezi kumjua mpaka umtwike mzigo.

TULIVYOPIMA WENYEWE

Usiku ule nilimwambia mpwa wangu kwamba hatutarudi kwa wakala na neno "hakipashi vizuri", kwa sababu neno hilo halina mizani. Mwalimu wangu wa chuoni hakuwa akikubali mwanafunzi aseme "najua". Alitaka usome mbele yake, neno kwa neno. Nasi tukakata shauri kukisomesha kiti.

Kwanza tuliondoa mambo yanayoweza kutuumbua. Mpwa wangu alikuwa ametia juu ya kiti chake foronya nene ya manyoya; tukaivua, maana joto halipiti kirahisi katika kitu kinene. Kwa sababu hiyohiyo tuliamua kuvua makoti makubwa kabla ya kukaa, kwani koti linalozuia baridi isiingie huzuia pia moto wa kiti usiufikie mwili. Kisha tukahakikisha kwamba betri ni nzima, maana baadhi ya magari ya siku hizi hupunguza yenyewe umeme wa viti pale betri inapochoka, na kasoro ikawa si ya kiti kabisa. Ya mpwa wangu ilikuwa imebadilishwa vuli iliyopita. Tena tukasoma kitabu cha gari, kuona kama kiti hicho kimetengenezwa kijishushe chenyewe baada ya muda fulani. Vipo vinavyofanya hivyo, na mwenye gari akadhani vimeharibika.

Baada ya hapo tuliliacha gari nje usiku kucha. Asubuhi tukaliwasha, tukaweka viti vyote viwili katika kiwango cha juu kwa wakati mmoja, na kwa kipimajoto cha mkono, kile cha kuelekeza kama tochi, tukapima uso wa kila kiti. Tulipoanza, vyote viwili vilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Baada ya dakika 5, kiti cha abiria kilikuwa nyuzi 17 juu ya sifuri, na cha dereva nyuzi 4. Baada ya dakika 10, cha abiria kilikuwa nyuzi 31, na cha dereva 13. Tulifanya hivyo asubuhi tatu mfululizo, na kila tulichokiona tulikiandika katika daftari, pamoja na tarehe, saa na hali ya hewa.

Kitu kimoja zaidi tulikitazama, nacho kikawa ufunguo wa yote: makalio na mgongo wa kiti cha dereva vilikuwa dhaifu kwa kadiri moja. Lau kama udhaifu ungelikuwa katika upande mmoja tu, au katika ukanda mmoja wa kiti, tungelisema kwamba waya wa mkeka umekatika, kama inavyotokea mtu anapopiga goti juu ya kiti kutafuta kitu nyuma. Lakini mikeka miwili kudhoofika sawasawa ni jambo la nadra. Ni wazi zaidi kwamba kasoro imo katika njia wanayoshirikiana, yaani kabla umeme haujagawanyika.

Mpwa wangu, alipolisikia hilo, alitaka kuingiza mkono chini ya kiti achomoe plagi. Nilimkataza, nami nawakataza wasomaji. Chini ya viti vya magari mengi ya sasa hupita pia nyaya za mifuko ya hewa ya kuokolea maisha, ambazo plagi zake kwa kawaida huwa za rangi ya manjano. Kuzichokoa hovyo kunaweza kuufanya mfuko ufyatuke, au usifyatuke siku unapohitajika. Hiyo ni kazi ya fundi, naye huanza kwa kuondoa betri na kusubiri. Kadhalika asitokee mjuzi wa mtaani akaunganisha mkeka moja kwa moja na betri, akakiruka kihisi joto, kwa kutaka moto zaidi. Madaktari wameeleza habari za watu waliopooza miguu, na wenye kisukari waliopoteza hisia, walioungua vibaya kwa viti vya moto bila ya wao kusikia chochote.

MBELE YA MEZA YA WAKALA

Siku ya nne tulikwenda kwa wakala. Mpwa wangu kwa desturi ni mtu wa staha, na ugeni ulikuwa umemzidishia staha hiyo hadi ikawa woga. Alikuwa akiamini kwamba mgeni halalamiki nyumbani kwa watu. Nilimwambia: "Wewe hapa si mgeni wa mtu. Wewe ni mnunuzi, na risiti unayo."

Mhudumu wa mezani alikuwa mtu wa adabu, lakini jibu alikuwa nalo tayari kabla ya suala: kwamba kiti kilipimwa mwezi uliopita na kinafanya kazi. Mpwa wangu hakubisha. Alifungua daftari, akaligeuza limwelekee yule mhudumu, akamwonesha safu mbili za tarakimu, cha abiria huku na cha dereva huku, kwa asubuhi tatu. Kisha akaomba mambo manne, kwa sauti ya chini na bila ya kugonga meza.

La kwanza, katika karatasi ya kazi isiandikwe "mteja anasema kiti ni dhaifu", bali ziandikwe zile tarakimu. La pili, gari lilale nje usiku huo katika uwanja wao, na kiti kipimwe asubuhi kabla ya gari kuingizwa ndani. La tatu, umeme upimwe wakati kiti kinafanya kazi, kabla ya plagi ya chini ya kiti na baada yake. La nne, aambiwe mapema kama kuna ada nyingine na kwa sababu gani. Na ikiwa wataona hakuna kasoro, waandike tarakimu walizozipata na watie saini.

Nilimtazama yule mhudumu usoni. Hakukasirika. Nadhani alifarijika, kwa kuwa mteja mwenye hasira humpa mhudumu mzigo, ilhali mteja mwenye tarakimu humpa kazi, na kazi hutendeka. Tuliacha gari, tukarudi kwa basi.

Kesho yake alitupigia simu fundi mwenyewe, kijana wa kike, mwenye furaha ya mtu aliyekamata mwizi. Alikuwa amepima injini ikiwa imezimwa: kabla ya plagi alipata volti 12, baada ya plagi volti 8. Alipoifungua aliikuta imegeuka rangi kuwa hudhurungi, na meno yake mawili yameungua. Hesabu yetu ya skuli ilikuwa imetusimamia.

Ila haki ni haki hata ikikuumiza. Fundi alieleza pia kwamba chini ya kiti kile alikuta brashi ya kufutia theluji, ambayo mpwa wangu alizoea kuisukumiza huko, na kwamba kila kiti kilipovutwa nyuma ilikuwa ikigonga waya. Maji ya theluji iliyoyeyuka nayo yalikuwa yakitiririka hapohapo. Meneja akasema, basi kosa ni la mwenye gari. Mpwa wangu alikiri habari ya brashi, lakini akauliza kama ni sawa plagi inayopitisha umeme mwingi kiasi hicho kuachwa bila ya kufungwa kwenye kishikizo chake, jambo ambalo fundi huyohuyo alikuwa ameliandika katika karatasi. Meneja aliisoma karatasi, akanyamaza kidogo, akaamuru plagi ibadilishwe na waya ufungwe bila ya malipo. Ada ya uchunguzi ya Januari alikataa kuirejesha siku ile. Baada ya mpwa wangu kuandika barua, walikubali kuikata katika gharama ya huduma ya gari itakayofuata, naye aliona hiyo ni suluhu ya kutosha.

Asubuhi ya mwisho kabla sijaondoka tulipima tena. Kwa dakika 10 kiti cha dereva kilifika nyuzi 30. Brashi ilikuwa imehamishiwa kwenye buti.

NGUVU ILIYOKUWA NYUMA YA DAFTARI

Pengine msomaji atasema: yule wakala alikubali kwa hiari, na je, asingekubali? Hapa yapasa kutaja kwamba nyuma ya lile daftari ilikuwapo sheria. Nchini Sweden, sheria mpya ya mauzo kwa watumiaji ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2022. Kwa sheria hiyo muuzaji anawajibika kwa kasoro ambayo kitu kilikuwa nayo pale kilipokabidhiwa, na mnunuzi ana miaka mitatu ya kudai. Katika miaka miwili ya mwanzo, kasoro ikitokea, huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu kukabidhiwa, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha kinyume chake. Hata hivyo gari lililotumika si jipya, na uchakavu wa kawaida wa umri wake hauhesabiwi kuwa kasoro. Mpwa wangu alikuwa katika mwezi wa 15; wakati ulikuwa bado upande wake, lakini angelisema "ahsante" miaka miwili zaidi, asingelikuwa na la kudai.

Tena mnunuzi hutakiwa kutoa taarifa mapema baada ya kugundua kasoro. Taarifa iliyotolewa ndani ya miezi miwili haiwezi kukataliwa kwa kisingizio cha kuchelewa. Haki hii ni mbali na ile dhamana ya kiwanda, ambayo ni ahadi ya mtengenezaji na hufuata masharti yake mwenyewe. Watu wengi hudhani dhamana ikimalizika basi na haki imekwisha, na wapo wauzaji wasioona haja ya kuwasahihisha. Muuzaji akikataa, mnunuzi anaweza kupeleka shauri lake katika bodi ya taifa ya malalamiko, Allmänna reklamationsnämnden, iliyoanzishwa mwaka 1968. Uamuzi wa bodi hiyo ni mapendekezo, si hukumu ya mahakama. Inaamua kwa maandishi. Haikwiti mtu kuja kulia mbele yake, inasoma ulichokiandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki kadhalika.

NASI HUKU KWETU

Sisi hatuna haja ya viti vya moto. Mwenye gari lenye kitufe kile na akijue, akizime, na amtahadharishe abiria wake, hasa mzee au mwenye kisukari, asije akaungua bila ya kusikia. Lakini vitu vilivyodhoofika tunavyo tele. Tunacho kiyoyozi cha gari la idara kinachopuliza hewa bila ya ubaridi, na fundi akasema ni kizima kwa kuwa alikipima saa moja asubuhi. Tunayo mashine ya boti inayopiga lakini haisukumi, na pampu ya kijiji inayotoa maji kadiri ya kuosha mikono. Kwa hayo yote tumezoea njia mbili tu: ama kunyamaza, ama kupiga kelele. Mwenye kunyamaza maradhi yake humuumbua, na mwenye kupiga kelele husikilizwa kwa muda wa kelele yake.

Sheria za kumlinda mnunuzi nasi tunazo. Bara ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Zanzibar ina sheria yake ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji ya mwaka 2018. Lakini sheria ni kama mita ya umeme: haisomi kitu mpaka mtu aishike na kuigusisha mahali. Mnunuzi asiyedai risiti, asiyeandika tarehe, asiyechukua karatasi ya kazi, ameiacha mita sandukuni.

Na kwa ndugu zangu tunaokaa upande wa pili wa meza, tunaopokea malalamiko ya watu, nina neno moja nililolichuma katika uwanja wa yule wakala. Fundi wa Januari hakuwa mwongo. Alikipima kiti, na kiti kilipata moto. Kosa lake ni kwamba alikipima katika karakana yake, siyo katika baridi ya mwenye kiti. Fundi wa Februari hakumzidi kwa elimu. Alimzidi kwa kuliacha gari likalala nje. Mwananchi anapokuja na habari kwamba maji ni haba, tusiifungue bomba ya ofisini tukaona yanatoka, tukamwandikia kwamba yamepimwa na yanafanya kazi. Twende kwake, saa ile anayoyahitaji, tuweke ndoo chini ya bomba yake, na tuhesabu dakika.